Kilomita Elfu Tisa za Mzee Harish

Kihesa, Iringa, Jumapili mchana, mwezi wa sita.

Baridi ya leo ni ile ya kuuma ncha za masikio, lakini jua limetoka na nimetoa kiti nje nikakiegemeza ukutani. Nina kikombe cha chai ya tangawizi, nimevaa soksi mbili mbili, na nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Nimerudi jana kutoka Mbeya. Nimerudi na gari. Nimerudi na mama yangu ndani ya hilo gari.

Anayeijua nyumba yetu ataelewa kwamba hiyo sentensi ya mwisho ndiyo habari. Wengine niwaeleze.

Miaka mitatu iliyopita nilinunua gari langu la kwanza. Wakati huo nilikuwa nimeshakaa miaka kumi na mmoja kwenye chumba cha mafaili ya wagonjwa, katika hospitali moja hapa mjini, na nilijiona mtu wa kusoma karatasi. Muuzaji aliniambia ni gari la mama mmoja tu, la kwenda kanisani na sokoni. Dashibodi ilisema kilomita elfu themanini na tatu. Niliingia ndani, nikanusa viti, nikaitazama ile namba, nikalainika. Sikuuliza kumbukumbu za matengenezo. Sikupeleka fundi. Kusema kweli niliogopa fundi angeniharibia raha.

Miezi miwili baadaye nilikuwa namrudisha mama nyumbani kutoka Mbeya. Injini ilikata kati ya Makambako na Mafinga, mvua ya baridi inanyesha, mahali ambapo hakuna hata kibanda. Tulikaa pale zaidi ya saa nne. Mama alikuwa na miaka sitini na saba na kitenge kimoja mabegani. Wiki hiyo hiyo alilazwa kwa nimonia, siku kumi. Faili lake nililifungua mimi, kwa mwandiko wangu.

Fundi alipoifungua ile injini alisema gari limeshatembea mara mbili ya ile namba, pengine zaidi. Mtu alikuwa amezishusha kilomita.

Mama hakunilaumu. Mpaka leo hajanilaumu hata kwa nusu neno. Alipotoka wodini alisema tu kwamba kuanzia sasa yeye atapanda basi, na kweli akapanda basi. Lile gari nililiuza kama chuma chakavu, nikadhani yameisha. Hayakuisha. Gari la mchungaji mama anapanda. Gari la jirani anapanda, tena kiti cha mbele. Mwaka jana niliazima gari la mwenzangu kazini, zima kabisa, nimpeleke Tosamaganga kwa dada yake. Akaniambia nitangulie, yeye atakuja na basi.

Na magoti yake yamechoka. Ngazi za basi anazipanda akishikwa mkono na kondakta, na mimi nasimama pale stendi, binti yake wa kumzaa, namtazama mtu mwingine akimpandisha mama yangu. Hicho ndicho kilichokuwa kinaniuma. Nilitaka gari ambalo mama atalipanda. Mengine yote niliyokuwa nawaambia watu, sijui foleni, sijui mvua, yalikuwa ya kujazia maneno.

Basi. Mama alikuwa Uyole mwezi mzima kwa mama mdogo, mdogo wake. Mama mdogo ndiye aliyenipigia simu kuhusu gari la Mzee Harish. Ni Mhindi wa Mbeya, kazaliwa pale pale, anauza vifaa vya ujenzi, na kwa miaka mingi alikuwa na duka la pili kule Makongolosi, kwenye machimbo ya dhahabu. Macho yameanza kumsumbua, daktari amemkataza kuendesha, amefunga lile duka la machimboni na gari anauza. Nikaomba ruhusa kazini siku tatu, nikapanda basi Jumatano. Ndiyo, na mimi pia basi.

Safari hii nilijiapiza nisipumbazwe na kitu. Alhamisi asubuhi nilikwenda na fundi Ambakisye, mtu wa Uyole, mrefu, mpole, anayesalimia injini kabla ya kuifungua. Nilikuwa nimeshamwomba Mzee Harish kwa simu asiliwashe gari kabla hatujafika, kwa sababu injini iliyopashwa moto inaficha maradhi. Ambakisye aliweka kiganja juu ya injini. Ilikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Mzee alikuwa ametii, na mimi nikaandika hilo kwenye simu yangu kama pointi ya kwanza.

Ambakisye ana utaratibu wake. Alianza na mkanda wa kiti cha dereva, akauvuta wote mpaka mwisho. Kipande cha ndani kabisa kilikuwa chekundu kwa vumbi.

"Watu wanaosha viti, dada," aliniambia. "Mkanda hawaoshi. Hii gari imekula barabara ya machimbo."

Nilimtazama Mzee Harish, nikisubiri hadithi ya kwenda kanisani na sokoni. Yeye alitikisa kichwa kukubali. "Vumbi la Makongolosi hilo. Nimekwenda kila wiki, miaka tisa."

Tukaendelea. Raba za pedali zimelika kama inavyopaswa kulika kwa mtu aliyekwenda kila wiki. Chini ya kifuniko cha oili hakuna ule utelezi mweupe wa maji yaliyochanganyika na oili. Shokapu moja ya nyuma inavuja, usukani nao unadondosha kidogo. Gari lenyewe limenyanyuliwa kama magari yote ya njia ile, kwa hiyo nililazimika kujivuta kidogo kuingia. Injini iliwaka mara ya kwanza, bila moshi wa kutia shaka.

Halafu mzee akaniletea karatasi. Hapo ndipo nilipojisikia nyumbani.

Kulikuwa na cheti cha ukaguzi cha siku gari lilipokuwa linaletwa nchini, kikisema kilomita elfu sitini na moja. Kulikuwa pia na kaunta buku tatu zilizofungwa kwa mpira. Ndani yake mzee alikuwa ameandika kila safari ya lile gari kwa miaka tisa: tarehe, alikokwenda, kilomita ngapi. Chini ya kila ukurasa jumla, na jumla hiyo ikihamia ukurasa unaofuata. Alikuwa ameandika kila mara oili ilipobadilishwa. Ameandika siku gari lilipochemka kwenye mlima wa Chunya na gasketi ikaungua, na pembeni ameongeza: "Kosa langu, sikubana kifuniko cha rejeta." Ameandika mpaka siku aliyogonga geti lake mwenyewe.

Nilimwomba niondoke nazo nikazisome. Akanipa, na mfuko wa kubebea.

Jioni hiyo, kwenye meza ya mama mdogo, nilifanya hesabu ndogo ambayo ingeweza kufanywa na mwanafunzi wa darasa la nne. Elfu sitini na moja za kwenye cheti, jumlisha laki moja na nusu za ukurasa wa mwisho wa kaunta buku. Inakuja laki mbili na elfu kumi na moja. Picha niliyopiga ya dashibodi ilisema laki mbili na elfu mbili.

Zilikosekana kilomita elfu tisa.

Nilijiona tena pale barabarani, mvua inanyesha, mama na kitenge chake kimoja mabegani. Nikajiambia: wamerudia. Wameshusha tena, safari hii kidogo, wakidhani sitahesabu. Mama alikuwa amekaa upande wa pili wa meza akimenya karanga. Aliniuliza kama kuna tatizo, nikasema hamna. Akasema ameshakata tiketi ya basi ya Jumamosi, ya asubuhi, kiti karibu na mlango.

Ijumaa nilifungua duka la Mzee Harish pamoja naye, yaani nilifika wakati anainua shata. Nilipoingia, mkewe, Mama Nisha, alikuwa tayari anampimia mteja misumari. Mtu mwenye busara angengoja mteja aondoke. Mimi niliweka kaunta buku juu ya kaunta, nikaweka simu yenye picha juu ya kaunta buku, nikasema kwa sauti ya wodini, ile ya kuwaita wagonjwa waliokaa mbali, kwamba daftari lake linasema hivi na gari lake linasema vile, na kwamba mimi nimeshaumizwa na watu wa kushusha kilomita na siumizwi mara ya pili.

Mama Nisha aliacha kupima. Mteja akatazama misumari yake.

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa. Hakupandisha sauti.

"Binti, mimi dashibodi siisomi," alisema. "Kwetu tunasoma barabara."

Akanieleza, kwa ufupi, kama mtu anayeeleza kitu ambacho hakufikiri kitahitaji maelezo. Baba yake alikuwa na malori ya kwenda Chunya. Njia ile ilikuwa inaua vipimo vya dashibodi kila baada ya muda mfupi, kwa hiyo hakuna dereva aliyeviamini. Waliandika umbali wa njia wenyewe, unaojulikana: mpaka Chunya ngapi, mpaka Makongolosi ngapi, kwenda na kurudi ngapi. Oili walibadilisha kwa hesabu hiyo. Yeye alifundishwa hivyo akiwa na kaptula, na akafanya hivyo mpaka macho yalipogoma.

Nilimwambia kwamba maelezo ni mazuri lakini elfu tisa bado hazipo.

Akachomoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya kaunta. "Nenda Igawa. Nguzo za kilomita zimewekwa na serikali, sikuziweka mimi. Hesabu mwenyewe. Ukirudi, kama bado mimi mwongo, weka ufunguo hapo, uende zako."

Nilichukua ufunguo. Nilikuwa na hakika kwamba nakwenda kumkamata.

Ambakisye alikaa kushoto kwangu na chapati mbili kwenye gazeti. Baada ya Uyole nilichagua nguzo moja nyeupe yenye namba inayosomeka, nikasimama ubavuni mwake, nikapiga picha ya dashibodi. Halafu tukateremka kuelekea Chimala, kule ambako baridi inakuacha na unavua sweta huku unaendesha. Nguzo nyingine zimegongwa na malori, nyingine zimemezwa na majani, kwa hiyo tulifuata namba zilizobaki. Ambakisye alikuwa ananitazama kwa jicho la pembeni.

"Dada, nikuulize. Mwizi wa kilomita anaiba laki nzima. Elfu tisa ataiba nani?"

"Labda ni mwizi mwoga," nilisema.

Alikula chapati.

Nguzo ya hamsini ilipofika nilisimama tena. Tulikuwa tumetembea kilomita hamsini za serikali. Dashibodi ilisema arobaini na saba. Nilidhani nimesoma vibaya. Tukaenda mpaka karibu kabisa na Igawa, hamsini nyingine. Dashibodi ilisema arobaini na saba nyingine.

Niliegesha gari Igawa, mbele ya wauza mchele. Ambakisye alishuka, akazunguka mpaka tairi la mbele, akachuchumaa. Alikaa hivyo kidogo. Halafu akaweka mkono mdomoni na mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka.

"Ni tairi," alisema. "Jana nimezishika kwa mikono yangu hizi tairi na akili haikunijia. Huku kwetu kila gari ya machimbo tunainyanyua, tunavisha tairi kubwa, tumbo lisikwangue mawe. Tumezoea mno, mpaka hatuoni kama ni kitu cha kuandika."

Akanieleza kwa kidole kwenye vumbi la boneti. Tairi kubwa likizunguka mara moja linakula barabara ndefu kuliko tairi dogo. Lakini dashibodi haina macho. Inahesabu mizunguko, inadhani bado gari limevaa tairi lililotoka nalo kiwandani. Kila kilomita hamsini inameza tatu.

Nilitoa simu, nikapiga hesabu. Tatu kwa kila hamsini, ndani ya laki moja na nusu. Nikaipiga mara ya pili.

Elfu tisa.

Nilirudi ndani ya gari, nikafungua kaunta buku ya kwanza, ukurasa wa kwanza, ambao sikuwa nimeusoma kwa sababu nilikimbilia jumla ya mwisho. Mstari wa nne, kwa wino wa bluu uliopauka: "Kuvisha tairi kubwa na kunyanyua gari, kwa ajili ya njia ya Makongolosi." Ilikuwa imeandikwa. Ilikuwa pale muda wote. Mimi ninayewagombeza wanafunzi wa mafunzo ya vitendo wakiruka ukurasa wa kwanza wa faili la mgonjwa, niliruka ukurasa wa kwanza na kwenda kumwita mzee wa watu mwizi mbele ya mke wake.

Nilijisikia vibaya sana. Nataka niliandike hilo bila kulipamba.

Kurudi tulipanda mlima na gari likapanda bila kulalamika, sindano ya joto imetulia katikati. Ambakisye alisikiliza giaboksi, alisikiliza breki, akatoa hukumu yake kabla hatujafika Uyole. Alisema gari imechoka kiasi chake, lakini inajulikana imechokea wapi. Shokapu zibadilishwe mbili za nyuma, usukani uangaliwe baada ya miezi mitatu, na kaunta buku zisipotee. Gari langu la kwanza lilikuwa na namba ndogo na hakuna aliyejua lilikotoka. Hili lina namba kubwa, na sasa nimegundua ni kubwa zaidi ya inayoonekana, na nililitaka kuliko kitu chochote.

Kama mzee angekubali bado kuniuzia.

Niliingia dukani. Kulikuwa na wateja wawili. Nilifikiri kungoja waondoke, halafu nikakumbuka kwamba asubuhi sikungoja. Nilimwamkia upya, "Shikamoo mzee," nikasema kwa sauti ile ile ya wodini kwamba nilimkosea, kwamba daftari lake ni sahihi, kwamba niliruka ukurasa wa kwanza, na kwamba naomba anisamehe yeye na Mama Nisha.

Mzee akauliza, "Ngapi?"

"Hamsini, arobaini na saba."

Alichukua kalamu, akaandika kwenye kipande cha karatasi, akazidisha, akaangalia jibu. Uso wake ulifunguka taratibu. "Kwa hiyo dashibodi ndiyo mwongo," alisema, na nadhani hilo ni jambo ambalo ukoo wao umekuwa ukilisubiri tangu enzi za malori. Alimgeukia mkewe akasema kitu kwa Kigujarati, mkewe akacheka, na mimi nikaletewa chai ya maziwa na sahani ya chevda, vile vitafunwa vya Kihindi vya kukaanga, bila kuulizwa.

Wakati mzee amekwenda nyuma kutafuta kadi ya gari, Mama Nisha alinisogelea akaniambia kwa sauti ndogo kwamba mchana mzee hakula. Sahani yake ilirudi jikoni kama ilivyokuja. Hakusema kwa kunisuta, alinipa taarifa tu. Nilikunywa ile chai na macho yananiwasha. Tulimalizana kabla duka halijafungwa.

Nilipofika Uyole mama alikuwa barazani. Aliliona gari, akalisifia rangi, akarudi kwenye ukili wa mkeka aliokuwa anausuka. Sikumwomba apande. Nimejifunza kutomwomba. Niliweka zile kaunta buku mezani, nikaenda kuoga.

Mama alifundisha darasa la tatu miaka thelathini na mbili. Mbele ya daftari la mtu hawezi kujizuia. Nilipotoka alikuwa amevaa miwani, ameinama, kidole kinatembea mstari kwa mstari, kuanzia ukurasa wa kwanza, ninyi mnaosoma mnisikie vizuri, wa kwanza. Alisoma mpaka chakula kikaiva. Alisoma huku anakula. Mara moja alicheka peke yake.

"Amegonga geti lake mwenyewe na akaandika," alisema.

Baadaye akafunga, akavua miwani. "Mwandiko mzuri. Kesho tunaondoka saa ngapi?"

Mama mdogo alinitazama, mimi nikatazama ugali. Nilisema saa moja. Tiketi ya basi akapewa mtoto wa jirani aliyekuwa anarudi chuo.

Ningeweza kuishia hapo na shajara hii ingekuwa ya furaha tupu. Lakini jana asubuhi, tumeshapita Chimala, mama kiti cha mbele, mkoba mapajani, mikono juu ya mkoba, furaha ikaanza kuingia doa. Nilikuwa nawaza jinsi nilivyomwomba msamaha Mzee Harish, mtu niliyemjua kwa siku mbili. Nilimkosea asubuhi, mchana nikamwomba radhi mbele za watu. Na mama yangu, aliyekaa kwenye mvua saa nne kwa ajili ya uzembe wangu, akalazwa siku kumi, sikuwahi kumwambia neno. Nilimpelekea uji wodini, nilimlipia dawa, nilimnunulia blanketi zito. Nilifanya kila kitu ili nisiseme. Miaka mitatu.

Nilisema bila kuandaa. Nilisema, "Mama, lile gari la kwanza nilinunua kwa kuangalia namba tu. Niliambiwa nipeleke fundi, nikaogopa ataniharibia raha. Nikakupakia humo. Nisamehe."

Tulipita nguzo moja, tukapita ya pili. Niliziona kwa sababu sasa siwezi kuacha kuziona.

"Mimi nimepanda mabasi miaka mitatu," alisema, "nasubiri hilo neno."

Halafu akafungua mkoba, akatoa leso, akanipa mimi. Nilikuwa nalia na sikujua. Akaniambia nipunguze mwendo, kuna lori linataka kupita, na tukifika Igawa nisimame anunue mchele. Nikamuuliza kilo ngapi. Akasema gunia, si buti lipo?

Alinunua gunia. Alibishana bei na yule muuzaji mpaka muuzaji akaanza kumwita shangazi, akaongeza na vitunguu, akasimamia upakiaji mwenyewe. Kuanzia hapo mpaka Iringa hakunyamaza. Alinieleza habari za Uyole zote, nani kaoa, nani kauza shamba, mwinjilisti gani anahubiri mpaka watu wanasinzia. Makambako tulikula mahindi ya kuchoma. Nilipokuja kuangalia kibao tulikuwa tunaingia Mafinga, tumeshapita pale tulipokwama siku ile.

Jirani yetu alikuwa nje wakati tunaingia Kihesa. "Kamwene mama," alisalimia kwa Kihehe, kisha akaona mama anashuka kutoka wapi, akaweka ndoo chini. Mama akaitikia kana kwamba hakuna jipya, akamwita aje asaidie gunia.

Leo asubuhi, kabla ya ibada, nimenunua kaunta buku yangu. Nimeandika mstari wa kwanza, Uyole hadi Kihesa, kwa hesabu ya nguzo. Kilomita za dashibodi nimeziacha ziendelee na uongo wao. Jumatatu ijayo nitabadilisha shokapu. Na kazini nitaacha kuwagombeza wale wanafunzi kwa wiki moja, ni haki yao.

Kuna swali nimebaki nalo na sitalijibu leo: ni nani mwingine ambaye nimekuwa nikimpelekea uji na mablanketi, wakati alikuwa anasubiri sentensi moja tu? Nina jina moja kichwani. Nitampigia simu chai hii ikiisha.

Mama ametoka sasa hivi, amesimama mlangoni na kadi yake ya kliniki ya magoti. Hakuuliza kama nina nafasi. Amesema Jumatano, saa mbili kamili asubuhi, na nisimpigie honi kama mteja wa bodaboda, nishuke nimfungulie mlango.